Sangara

Sangara (jina la kisayansi: Lates niloticus) ni samaki mkubwa wa maji baridi anayewinda samaki wengine katika mito na maziwa ya Afrika ya kitropiki. Nchini Kenya huitwa zaidi mbuta, na nchini Uganda mputa. Ni mmoja wa samaki wakubwa kabisa wa maji baridi barani Afrika: anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilogramu 200, ingawa wengi wanaovuliwa siku hizi ni wadogo sana kuliko hapo.

Wasomaji wengi wa Afrika ya Mashariki wanamjua sangara kama samaki wa Ziwa Viktoria, lakini katika ziwa hilo yeye ni mgeni. Aliingizwa na binadamu katika miaka ya 1950 na 1960. Katika maziwa ya asili yake, kama vile Ziwa Albert na Ziwa Turkana, ameishi na samaki wengine kwa maelfu ya miaka bila kuwamaliza. Katika Ziwa Viktoria mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo haieleweki bila kujua kwanza maumbile ya sangara mwenyewe na ya samaki aliowakuta huko.

Jina na uainishaji

Carl Linnaeus alimworodhesha sangara mwaka 1758 kwa jina la Perca nilotica. Baadaye wataalamu walimtenga na samaki wa Ulaya wa jenasi Perca wakamweka katika jenasi Lates. Neno hilo limetokana na latos, jina ambalo Wagiriki wa kale walimpa samaki huyu wa mto Nile. Leo jenasi hiyo iko katika familia Latidae. Vitabu vya zamani huiweka katika familia Centropomidae.

Sangara ana ndugu kadhaa wa karibu. Ziwa Tanganyika lina spishi nne za Lates ambazo hazipatikani kwingineko: mgebuka (L. stappersii), ambaye ni mwembamba na huishi kwa makundi katika maji ya wazi, na wengine watatu walio wakubwa zaidi, yaani L. angustifrons, L. mariae na L. microlepis. Hao wakubwa nao huitwa sangara au sangala na wavuvi wa ziwa hilo, kwa hiyo mtu wa Kigoma akitaja sangara huenda hamaanishi samaki yule yule wa Mwanza. Ziwa Turkana lina L. longispinis na Ziwa Albert lina L. macrophthalmus, wote wawili ni wadogo kuliko sangara na hukaa kwenye maji ya kina zaidi. Ndugu mwingine anayejulikana sana, L. calcarifer, anaishi Asia na Australia na huweza kukaa baharini na mtoni.

Kwa kuwa sangara ameenea sehemu kubwa ya Afrika, ana majina mengi. Wahausa humwita giwan ruwa, yaani tembo wa maji. Nchini Sudan jina lake ni ijil, maana yake ndama. Katika nchi za Afrika ya Magharibi na ya Kati zinazotumia Kifaransa anajulikana sokoni kama capitaine.

Maelezo

Mwili wa sangara ni mpana kutoka mgongoni hadi tumboni na umebanwa kidogo ubavuni. Kichwa chake kimebonyea juu ya macho, kisha mgongo unainuka ghafla, kiasi kwamba samaki mkubwa huonekana kama ana kibyongo. Rangi yake ni ya fedha, yenye weusi au ubuluu kidogo mgongoni na weupe tumboni. Wadogo wana mabaka ya kahawia ambayo hupotea wakikua.

Mdomo ni mkubwa na taya la chini limechomoza mbele kupita la juu. Meno ni madogo na mengi sana, yamepangwa kama msasa. Kazi yake ni kuzuia windo lisiponyoke, si kulikata. Sangara hatafuni: hupanua kinywa kwa ghafla, maji yanaingia pamoja na windo, naye analimeza zima. Kwa sababu hiyo ukubwa wa kinywa chake ndio unaoamua ni samaki gani aliye salama na yupi si salama.

Macho yana duara la njano linalozunguka mboni nyeusi, na usiku hung'aa yakimulikwa. Huwinda mchana na usiku pia. Mgongoni ana mapezi mawili: la kwanza lina miiba 7 au 8 iliyo migumu, la pili ni laini zaidi. Kifuniko cha matamvua nacho kina miiba, na mtu anayemshika sangara hai bila uangalifu huumia. Pezi la mkia ni la mviringo.

Ndani ya tumbo kuna kibofu cha hewa kikubwa kinachomsaidia kuelea bila kutumia nguvu nyingi. Wavuvi na wafanyabiashara wa Tanzania hukiita bondo (wingi: mabondo).

Mtawanyiko na makazi

Kiasili sangara anapatikana katika mito ya Nile, Niger, Senegal na Volta, katika sehemu kubwa ya beseni la Kongo, na katika maziwa ya Chad, Albert na Turkana. Yupo pia katika mto Omo na katika maziwa ya Abaya na Chamo nchini Ethiopia. Huko Misri huishi hata katika Ziwa Maryut karibu na Aleksandria, ambalo maji yake yana chumvi kidogo. Bwawa la Aswan lilipotengeneza Ziwa Nasser, sangara walistawi humo, na wavuvi wa michezo wamewahi kuvua huko samaki wenye uzito unaozidi kilogramu 100.

Kwenye mto Nile wenyewe kulikuwa na mpaka wa asili. Mto ukitoka Ziwa Viktoria karibu na Jinja hupitia Ziwa Kyoga, kisha huanguka kwenye maporomoko ya Murchison kabla ya kuingia Ziwa Albert. Chini ya maporomoko hayo sangara ni wengi na wakubwa. Juu yake hawakuwapo. Hakuna samaki anayeweza kupanda ukuta huo wa maji.

Sangara hukaa kwenye vina tofauti, kuanzia ufukweni hadi mamia ya mita kutoka nchi kavu, karibu popote penye maji ya kutosha. Lakini ana udhaifu mmoja: anahitaji oksijeni nyingi. Samaki kama mumi na kamongo wanaweza kupumua hewa ya juu ya maji, na kambare wa namna hiyo huishi hata kwenye tope. Sangara hawezi. Maji yenye oksijeni kidogo, kama yale ya ndani ya vinamasi vya mafunjo au ya chini kabisa ya ziwa wakati wa miezi ya joto, huyakimbia. Udhaifu huu umekuwa na maana kubwa kwa samaki wengine.

Chakula

Sangara mchanga aliyetoka kwenye yai hula wanyama wadogo sana wanaoelea majini. Akifikisha sentimita chache huanza kula uduvi wa maji baridi na lava wa wadudu, kama wale wa kereng'ende na wa visubi ambao huinuka juu ya ziwa kama moshi. Kadiri anavyokua anageukia samaki, na sangara mkubwa anakula samaki karibu peke yake.

Hachagui sana. Hula kile kilicho kingi. Katika Ziwa Viktoria jambo hili lilionekana wazi: furu walipokuwa wengi tumbo la sangara lilijaa furu, nao walipoadimika alihamia kwa uduvi, dagaa na watoto wa sangara wenzake. Kula watoto wa jamii yake si jambo la dharura tu kwa samaki huyu. Ni njia mojawapo ya kuishi mahali ambapo windo jingine limekwisha: wadogo wanakula uduvi na wadudu ambao wakubwa hawawezi kuwafaidi, na wakubwa wanawala wadogo. Ndiyo maana sangara hawakufa njaa baada ya kumaliza chakula chao cha kwanza, kama baadhi ya watu walivyotarajia.

Uzazi

Jike ni mkubwa kuliko dume, na sangara wakubwa sana karibu wote ni majike. Dume hukomaa akiwa na urefu wa sentimita 50 hadi 60 hivi. Jike huchelewa zaidi. Jike mmoja hutaga mayai kwa mamilioni. Mayai ni madogo, yana tone la mafuta ndani yake na huelea majini. Wazazi hawayalindi wala hawawatunzi watoto. Vifaranga hukaa kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuko, ambako wengi wao huliwa, mara nyingi na sangara waliowatangulia kuzaliwa.

Sangara na watu wa zamani

Watu wamekuwa wakimla sangara tangu kabla ya historia iliyoandikwa. Mifupa yake imepatikana kwenye makazi ya kale kando ya Ziwa Turkana pamoja na vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mifupa. Imepatikana pia ndani ya Sahara, mahali ambapo leo hakuna hata kijito, kwa kuwa miaka elfu kadhaa iliyopita jangwa hilo lilikuwa na mito na maziwa. Waelmolo wa Ziwa Turkana wanajulikana hadi leo kwa kumvua samaki huyu kwa chusa na nyavu.

Katika Misri ya kale sangara alihusishwa na mungu wa kike Neith. Mji wa Esna uliitwa na Wagiriki Latopolis, yaani mji wa latos, na sangara waliokaushwa na kufungwa sanda kama maiti za watu wamefukuliwa huko kwa wingi.

Kuingizwa katika Ziwa Viktoria

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi na kina kisichozidi mita 80 au zaidi kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 samaki aliyependwa zaidi na walaji wake alikuwa ngege (Oreochromis esculentus), jamii ya sato. Nyavu za kisasa zilipoingia, ngege walianza kupungua upesi, na serikali za kikoloni zikatafuta njia ya kuongeza mavuno.

Sehemu kubwa ya samaki waliobaki walikuwa furu, samaki wadogo wenye miiba mingi ambao maofisa wengi waliwaona hawana thamani. Ndipo likaja wazo la kumleta sangara ili awale furu na kugeuza nyama yao kuwa samaki mkubwa anayeuzika. Wapenzi wa uvuvi wa michezo nao walimtaka.

Wazo hilo lilipingwa mapema. Michael Graham, aliyeongoza uchunguzi wa kwanza wa kina wa ziwa mwaka 1927 na 1928, alionya katika ripoti yake kwamba kuleta samaki mkubwa mlaji kutoka kwingine bila utafiti mrefu ni hatari. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Jinja, aliandika kupinga mpango huo. Hoja yake ilikuwa rahisi: kila hatua ya kuliwa hupoteza sehemu kubwa ya chakula, hivyo ziwa litatoa uzito mdogo zaidi wa walaji kuliko wa wanaoliwa. Ni afadhali watu wale furu wenyewe.

Lakini mwaka huo huo wa 1960 sangara walikuwa wamekwisha kuonekana ziwani karibu na Jinja. Walikuwa wameingizwa katika Ziwa Kyoga katikati ya miaka ya 1950, na kuna ushahidi kwamba wengine walimwagwa kimyakimya upande wa Ziwa Viktoria mwaka 1954. Baada ya hapo hoja ikawa kwamba samaki amekwisha kuingia, basi afadhali aongezwe. Mwaka 1962 na 1963 sangara kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana walipandikizwa waziwazi Entebbe na Kisumu. Ziwa dogo la Nabugabo nchini Uganda nalo likapandikizwa miaka hiyo.

Kwa muda wa miaka kama kumi na mitano hakukuwa na mabadiliko makubwa. Sangara walivuliwa mmoja mmoja. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 idadi yao ililipuka katika Ghuba ya Winam nchini Kenya, ikafuata upande wa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka hiyo ilifika Ghuba ya Mwanza.

Maangamizi ya furu

Furu ni jina la jumla la samaki wadogo wa jamii ya Haplochromis. Ziwa Viktoria lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za samaki hao, karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Ushahidi wa tope la chini ya ziwa unaonyesha kwamba lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo wingi huo wa spishi ulitokea katika muda ambao kwa mageuko ya viumbe ni mfupi ajabu. Walikuwako furu waliokwangua mwani juu ya mawe, waliovunja konokono kwa taya, waliokula tope, waliokula magamba ya wenzao, waliofyonza vifaranga kutoka vinywani mwa mama zao, na spishi zaidi ya mia moja zilizowinda samaki wengine.

Hawa ndio sangara aliowakuta. Kwa nini walikuwa dhaifu mbele yake, na samaki wa Ziwa Albert hawakuwa? Jibu moja liko kwenye uzazi. Furu jike hutaga makumi machache tu ya mayai, kisha huyatamia kinywani mpaka vifaranga waweze kuogelea. Njia hiyo inafaa sana mahali ambapo maadui ni wadogo: watoto wachache, lakini wengi wanapona. Sangara anapomeza jike anameza pia kizazi kizima kilichomo kinywani. Upande mmoja kuna samaki anayetaga mamilioni, upande mwingine anayetaga makumi. Katika mbio hizo mshindi anajulikana. Isitoshe, furu wa maji ya wazi na wa sakafu ya tope hawakuwa na pa kujificha, na katika historia yao fupi hawakuwahi kuishi na mlaji mwenye kinywa kikubwa kiasi hicho. Samaki wa Ziwa Albert na Turkana walikuwa wamepambana naye tangu zamani. Waliobaki huko ni wale wanaokua haraka, wanaozaa sana au wanaojua kujificha.

Uchunguzi uliofanywa kwa meli ya kukokota nyavu kati ya mwaka 1969 na 1971 ulikuta kwamba furu ni takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sakafu ya ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa chini ya asilimia 1 katika sehemu nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza pamoja na Watanzania tangu mwaka 1977 kwa lengo la kuelewa jinsi spishi nyingi hivyo zinavyogawana ziwa moja, walijikuta wakiandika habari za kutoweka kwake. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, alisimulia kazi hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1994. Inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi zimetoweka. Nyingi zilikuwa hazijapewa hata jina la kisayansi.

Hata hivyo si haki kumtwisha sangara mzigo wote. Katika miaka ya 1970 meli za Mwanza zilikuwa zikikokota furu kwa ajili ya kiwanda cha unga wa samaki, na idadi yao ilianza kushuka kabla ya sangara kuwa wengi huko. Wakati huo huo mbolea, udongo na maji machafu kutoka mashambani na mijini viliurutubisha mwani, maji yakawa ya kijani na mazito, na mwani uliokufa na kuoza ukamaliza oksijeni ya chini. Furu huchagua wenzi kwa rangi. Jike anapotaka dume mwekundu au wa buluu ni lazima amwone. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yanapochafuka mpaka huo wa rangi hupotea, na spishi zilizokuwa mbili zinachanganyika kuwa moja. Mabadiliko haya yanafungamana: furu wengi walikuwa walaji wa mwani na wa tope, na walipoondoka ziwa lilipoteza wasafishaji wake. Wanasayansi bado wanabishana kipi kilitangulia.

Samaki wengine wa asili walipungua pia, wakiwemo kamongo na ningu. Walioongezeka ni dagaa (Rastrineobola argentea) na uduvi. Tangu hapo uvuvi wa ziwa zima umesimama juu ya samaki watatu: sangara, dagaa na sato wa mto Nile (Oreochromis niloticus), ambaye naye ni mgeni.

Walionusurika

Udhaifu wa sangara mbele ya maji yasiyo na oksijeni uliwapa wengine hifadhi. Vinamasi vya mafunjo vinavyozunguka Ziwa Viktoria na Ziwa Nabugabo vimeonekana kuwa kimbilio la samaki wadogo: wanaovumilia maji hayo hukaa humo, na sangara haingii. Kinamasi kinaposafishwa kwa ajili ya kilimo, ukuta huo unabomoka. Katika maziwa madogo yaliyotenganishwa na ziwa kubwa kwa vinamasi, kama Ziwa Kanyaboli ndani ya kinamasi cha Yala nchini Kenya, ngege waliendelea kuishi baada ya kuadimika kabisa katika Ziwa Viktoria. Miamba nayo iliwaokoa furu wengi wa mawe, kwa sababu samaki mkubwa hawezi kuwafuata ndani ya nyufa.

Tangu miaka ya 1990, sangara wakubwa walipopunguzwa na wavuvi, baadhi ya furu wa maji ya wazi wamerudi kwa wingi. Hawakurudi wakiwa vile vile. Katika spishi ya Haplochromis pyrrhocephalus ya Ghuba ya Mwanza, samaki waliokusanywa baada ya kurejea walikuwa na matamvua yenye eneo kubwa zaidi kuliko wale waliohifadhiwa kwenye chupa miaka ya 1970, na umbo la mwili lilikuwa limebadilika. Hayo yalitokea katika muda wa miongo miwili tu. Spishi zilizorudi ni chache, nazo hazifidii zile zilizopotea.

Uvuvi na biashara

Hesabu ya Fryer kuhusu mavuno haikutimia kama alivyotarajia, angalau kwa upande wa tani. Mavuno ya ziwa zima, yaliyokuwa takriban tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970, yalipita tani 500,000 karibu na mwaka 1990, na zaidi ya tani 300,000 za hizo zilikuwa sangara. Mialo midogo iligeuka kuwa miji. Mafundi wa mitumbwi, wauza barafu, madereva, wapishi na wachuuzi walipata kazi.

Mwanzoni watu wa kandokando ya ziwa hawakumpenda. Nyama yake ina mafuta mengi na haikauki vizuri juani kama ya furu au dagaa. Ilibidi ibanikwe au ikaangwe, na kuni nyingi zilikatwa kwa ajili hiyo. Kisha viwanda vya kukata minofu vilijengwa, kwanza Kenya, halafu Uganda na Tanzania, na minofu ikaanza kusafirishwa kwa ndege. Huko Ujerumani huuzwa kwa jina la Viktoriabarsch, na walaji wake wengi hawajui kwamba ziwa hilo si kwao. Mara kadhaa kati ya mwaka 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki hao, kwanza kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, kisha kwa sababu ya taarifa za wavuvi waliotumia sumu.

Viwanda viliponunua samaki kwa bei ya nje, sangara mzima alipanda bei kuliko uwezo wa wenyeji wengi. Kilichobaki kwao kilikuwa kichwa na mgongo uliokwisha kutolewa minofu, ambao Mwanza huitwa mapanki na Kisumu huitwa mgongo wazi. Hukaangwa na kuuzwa sokoni, na una nyama kidogo lakini si haba kwa asiye na kingine. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyaonyesha mapanki hayo kwa dunia na kuzusha ubishi mkali nchini Tanzania, hasa kwa dai lake kwamba ndege za minofu zilileta silaha. Wanawake waliokuwa wakinunua furu na ngege moja kwa moja mwaloni walisukumwa pembeni na wenye magari ya barafu. Upande wa Kenya baadhi yao waliingia katika mtindo uitwao jaboya, ambapo mchuuzi hulazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili auziwe samaki, na maambukizi ya VVU katika mialo yalikuwa makubwa kuliko sehemu za bara.

Siku hizi bondo limekuwa na thamani kubwa kuliko nyama yenyewe. Hukaushwa na kupelekwa hasa China na Hong Kong, ambako hupikwa supu. Kwa kuwa bondo kubwa hulipwa zaidi kwa kila kilo, samaki anayetafutwa kuliko wote ni jike mkubwa, yule yule anayetaga mayai mengi.

Hali ya sasa

Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) limemweka sangara katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani. Wakati huo huo Kenya, Tanzania na Uganda, zilizounda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria mwaka 1994 lenye makao yake Jinja, zinahangaika kumlinda asiishe. Zilikubaliana kwamba sangara wa kuvuliwa awe na urefu wa sentimita 50 hadi 85: aliye chini ya hapo hajazaa, na aliye juu ya hapo ndiye mzazi bora. Kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni na kuzoa wachanga, umepigwa marufuku, ingawa bado unatumika mahali pengi.

Sangara wengi wanaofikishwa mwaloni sasa hawafiki nusu mita, na wanakomaa wakiwa na umbo dogo kuliko waliovuliwa miaka ya 1980. Mvuvi anayewaachia wakubwa wazaane anaachia pia walaji wa furu. Anayewamaliza anawapa furu nafasi ya kurudi, lakini anakosa kipato cha nyumba yake. Katika ziwa ambalo limekwisha kubadilika kiasi hiki, nchi hizo tatu zimechagua kumhifadhi sangara.